Bluzi ya Vidole Ilitoka Wapi

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi kwa sababu mguu wake mmoja ni mbovu, na sisi tunaolikalia hatuna nafuu. Tumechoka. Siku ya Ijumaa, Vidole, mpiga kinanda wetu wa bluzi, ule muziki wa majonzi, aliondoka hapa akikohoa mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo hajaonekana, na simu yake haipatikani. Nafasi yake iko wazi, hakuna anayeikalia. Basi watu, badala ya kulisema hilo, wakaanza kubishania muziki wake.

— Ile bluzi ni ya kanisani, alisema Kinyozi, taulo begani. Bibi yake alipiga kinanda cha kukanyaga. Ule mkono wa kushoto, dum, dum, ni miguu ya bibi.

— Kanisa gani linalia vile? Waziri akamkatiza. Huyu hana kazi yoyote, ndiyo maana tukampa uwaziri. Ule mkono ni treni. Baba yake alikuwa mtu wa reli. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba na treni wapi na wapi?

— Mabehewa, bwana! Moja moja, mwisho treni.

Betri, fundi redio, akaguna.

— Acheni porojo. Utotoni kwao kulikuwa na redio inayoshika stesheni moja ya mbali. Sauti inakuja, inapotea. Ndiyo maana Vidole anapiga kidogo, anaacha, anapiga tena. Jamaa anaiga redio mbovu.

— Redio! Mimi nimeambiwa alikuwa mlinzi mochwari, Waziri akasema. Alifundishwa na maiti.

— Maiti gani ana subira hiyo?

— Mwenye haraka yuko mochwari kufanya nini?

Nikacheka, lakini bila hamu. Nilikuwa nangoja mtu aseme kwamba yule mwenzetu anaumwa. Na mimi mwenyewe sikusema, nikanyoosha kikombe niongezewe kahawa.

Ndipo akaja mama mmoja na mkoba wa safari, viatu vimejaa vumbi.

— Habari zenu, kaka zangu. Namtafuta ndugu yangu, mpiga kinanda. Alinipigia Ijumaa, anasema kifua kinambana, simu ikakatika hajamaliza. Nimeambiwa nyie ndio watu wake.

— Sisi hasa! Kinyozi akampisha. Kaa, dada. Hebu tuamulie, bibi yenu si alipiga kinanda?

Hakukaa.

— Anakaa wapi?

Kinyozi akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Betri. Betri akanitazama mimi, nami nikatazama kahawa. Miaka yote ile, kila jioni tulimwambia Vidole usiku mwema, akakata kona.

— Huku juu, akasema Waziri, mkono kaunyoosha.

Kinyozi naye alishanyoosha wa kwake, kule chini.