Alama ya Kabla ya Nukta

Ilikuwa Jumatano, tarehe 14 Juni 1961, saa kumi na moja na robo alfajiri, manyunyu yakiwa yameanza kukatika na ukungu bado umelala juu ya mapaa, dada yetu mpendwa alipozaliwa katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu baba yetu, aliyekuwa karani wa posta, na marehemu mama yetu, aliyekuwa mshonaji. Kama leo tunaijua saa hiyo na hali yake ya hewa, ni kwa sababu yeye mwenyewe, alipokuwa na umri wa miaka tisa, alimkalisha mama kitako akamhoji mpaka akaridhika.

Alianza darasa la kwanza Januari 1968, akamaliza la saba mwaka 1974, akaendelea na shule ya sekondari ya wasichana kuanzia 1975 hadi 1978, ambako mwalimu wake wa jiografia aliandika kwenye ripoti kwamba ramani za binti huyu ni safi mno, tatizo ni kwamba hazimaliziki. Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea uchapaji, akahitimu Novemba 1981, na tarehe 1 Februari 1982 akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kilichokuwa nyuma ya stendi, akipanga herufi za madini ya risasi moja moja kwenye trei, zikiwa zimegeuzwa kinyume, kazi iliyomwachia wino chini ya kucha na tabia ya kusoma mabango ya dukani kuanzia mwisho.

Ni hapo kiwandani alipokutana na shemeji yetu, fundi redio, ambaye alileta tangazo la duka lake lichapwe, akarudishwa mara tatu kwa sababu ya nafasi kati ya maneno, na mara ya nne akaja bila tangazo. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1986, na wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1988, na mwana aliyezaliwa tarehe 17 Agosti 1991, ambao wote wako nasi hapa.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1990, dada alichukuliwa na chuo kimoja kupanga vitabu vya mwongozo katika chumba cha kompyuta, na kuanzia Machi 1996, nje ya saa za ajira na bila malipo, alikubali kutunza ukurasa wa mwongozo wa programu inayohamisha mafaili kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa amri za kuandikwa, programu iliyotungwa na watu wa kujitolea waliotawanyika huku na huko, ambao wengi wao hakuwahi kuwaona kwa macho. Hakuitunga programu yenyewe, na hakupenda kusifiwa kwa asichokifanya, ila kila aliyetaka kujua namna ya kuitumia alipita kwenye maneno aliyoyapanga yeye, kila neno la kuandikwa lilivyo likiwa kwa herufi nzito, na kila neno ambalo msomaji anapaswa kuweka lake likiwa kwa herufi za mlazo. Kanuni hiyo aliihamishia nyumbani, hata alipomtuma shemeji sokoni alimwandikia sukari kwa herufi nzito, maana yake sukari na si kitu kingine, na matunda kwa herufi za kulala, maana yake tumia akili yako, na shemeji alikuwa akituambia, "Mimi herufi nzito naziweza, shida ni hizo zilizolala."

Kila alipobadilisha sehemu ya ukurasa ule, alimsomesha kwanza mumewe, ambaye hakujua kompyuta wala hakutaka kuijua, akamtazama usoni, na pale alipojikuna kisogo, sentensi hiyo ilirudi kufumuliwa. Binti yao anasema alikua akidhani kila baba duniani husomeshwa vitu hivyo kabla ya kupewa chai.

Sasa ni lazima tulitaje jambo la Septemba 2004, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza lisirukwe. Programu ile ina chaguo linalofanya pande zote mbili zifanane, na ili zifanane, hufuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza. Dada alikuwa ameandika onyo la kutosha, lakini katika kurekebisha upana wa mistari, onyo likasukumwa chini, na mstari wake ukaangukia kuanza na jina la folda lenye nukta mbele. Ikumbukwe kwamba mtambo unaopanga kurasa hizo, ukikuta mstari unaoanza na nukta, huudhani ni amri inayouhusu wenyewe, na usipoielewa amri hiyo, huumeza mstari mzima kimya kimya, bila kulalamika. Hivyo onyo likapotea, sentensi iliyotangulia ikakatikia kwenye mkato, na hakuna aliyeshtuka, hata shemeji, kwa kuwa siku ile alisomeshwa rasimu ya karatasi, si ukurasa uliotoka.

Aliyeumia ni mwalimu wa kwaya ya mtaa wa pili, ambaye kwa kufuata ukurasa ule neno kwa neno alifuta rekodi za mazoezi ya miaka sita, zikiwemo sauti za waimbaji wawili waliokwisha kufariki, naye akaandika barua pepe ya maneno makali ambayo hatutayarudia mbele ya wazee. Dada hakujibu kwa maandishi, alivaa viatu akaenda, akasimama kwenye mlango wa ukumbi wa mazoezi, akasema, "Kosa ni langu, nimekuja tutafute kilichobaki." Kuanzia Oktoba hadi Januari iliyofuata, kila Jumamosi, yeye na shemeji walizunguka majumbani kwa wanakwaya wakikusanya kanda na nakala zilizosahaulika makabatini, shemeji akitengeneza vinasa sauti vilivyokufa, na sauti ya mmoja wa marehemu wale ilipatikana, ya mwingine haikupatikana. Hilo dada hakujisamehe, ijapokuwa mwalimu wa kwaya alimsamehe, akamtania, akambandika jina la Nukta, ambalo wengi wenu hapa mnadhani ndilo alilopewa na wazazi.

Dawa ya kosa lile ni alama ndogo ya vibonyezo viwili, isiyochapwa na isiyochukua nafasi yoyote, ambayo ikiwekwa kabla ya nukta huuzuia mtambo usiumeze mstari. Aliiweka mwaka ule ule, na ikakaa.

Mwezi Aprili 2021 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara mbili, na baadaye mara tatu kwa wiki, akiyabeba yote kwa subira na kwa kuwasahihishia wauguzi mabango ya ukutani. Tarehe 30 Oktoba 2023 alilazwa, na akiwa kitandani, akisoma kwenye simu rasimu ya toleo jipya la ukurasa ule, lililopangwa kutoka Alhamisi ya wiki iliyofuata, aliona kwamba mwenzao mmoja wa kujitolea, katika kufanya usafi, ameondoa alama zote zilizoonekana hazina kazi, na ile yake ikiwemo. Kwa siku kadhaa mikono ilikuwa imevimba na haikumtii. Jumanne tarehe 7 Novemba, alasiri, alimwomba shemeji aandike yeye, na shemeji, kwa vidole viwili, miwani ikiwa puani, akaandika, huku dada akimwelekeza, "Kabla ya nukta, baba watoto, ukiiweka baada haimsaidii mtu." Shemeji akatazama kioo cha simu, akasema, "Mbona sioni kilichoongezeka?" Naye akajibu, "Ndiyo kazi yake hiyo."

Siku iliyofuata mwenzao yule alipokea sahihisho, akaandika, "Samahani mama, nilidhani ni takataka," na dada akacheka kwa mara ya mwisho tuliyomsikia, akasema aambiwe kwamba hata yeye aliwahi kujiamini hivyo hivyo. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, jua likiwa limefika kwenye shuka, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Familia inamshukuru daktari wake wa figo, na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, ambao mabango yao sasa hayana kosa hata moja, inawashukuru majirani waliopokezana kumpeleka na kumrudisha bila kuulizwa, wafanyakazi wenzake wa chuo, wenzake wa mbali waliotuma salamu kutoka tusikokujua, na kwaya ambayo itaimba tutakapomaliza kusoma.

Pumziko la amani liwe lako, dada, nafasi yako umeiacha imepangwa. Toleo jipya lilitoka siku ile ile uliyotuacha, saa sita mchana, na jana jioni mwana wao aliufungua ukurasa, na baba yake akausoma kwa sauti, kidole kikifuata kila neno, bila kujikuna kisogo, mpaka akalikuta onyo, zima, na nukta yake mbele, kwenye mstari wa thelathini na moja.