Mizani Iliyokataa Kupanda

Ndugu zangu, asifiwe Bwana aliyenifungua mdomo! Mimi ni Mama Ngalula, mke wa fundi wa mgodi hapa Kolwezi. Tulitoka Kasai. Tangu utoto nilikuwa na kifafa, nikakificha. Aliyejua ni mume wangu na mama mkwe tu. Mama mkwe alinitengea sahani, akaifunga kitambaa chekundu, maana watu waliamini povu la anayeanguka linaambukiza.

Siku zangu za mwezi zilikuwa zikipotea miezi mitatu, hata minne. Mara mbili tulishangilia kwamba nina mimba! Mara mbili nilijipanga na wenye mimba penye mizani ya kambi ya wafanyakazi, ambapo kampani ya mgodi iliwagawia maziwa na karanga. Mimba haikuwepo. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu, wakaniita mwizi wa karanga. Mama mkwe akaapa: nikiwadanganya tena, narudishwa Kasai.

Mwezi ulipopotea mara ya tatu, nilienda tena. Mizani ikakataa kupanda. Nikaanguka hapohapo, mbele ya foleni nzima! Wote walikimbia, isipokuwa mkunga wa kambi. Nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa mapajani mwake.

"Mama, unaangukaka tangu lini?"

"Tangu mutoto."

"Na unafichaka? Munganga wa hospitali anasemaka, hii bugonjwa ya kichwa inaweza kuvuruga mpaka fasi ya kuzala. Mayai ya mwanamuke inakosa kuiva, mwezi inapotea. Haiko kosa yako, mama."

Si kosa langu! Ndugu zangu, nililia kwa sauti, sikujali nani ananitazama.

Mkunga akanipeleka kwa daktari, naye akanipa vidonge vya kila siku. Kanisa liliomba, nami nikameza. Kuanguka kukapungua, kisha kukakoma. Damu ikaja kwa wakati wake, na mwezi uliofuata tena! Jambo ambalo wanawake wengine hulinung'unikia, mimi nililipigia vigelegele uani peke yangu.

Mama mkwe alinisikia. Mchana ule alifungua kile kitambaa chekundu, akatia mkono kwenye bukari, ugali wangu wa sahani ile.

"Mwana, sogea. Tukule."

Leo nina mimba ya miezi sita, na mizani imepanda. Asante, Mungu wangu! Ndugu unayeficha ugonjwa wako, mtegemee Mungu, ukaseme. Watakaokimbia wapo, sikufichi. Lakini yupo pia atakayebaki akishika kichwa chako.