Abanoub Wadie na Picha Inayozikwa Naye

Abuna, padri wetu, wazazi wangu, ndugu wa Abanoub, majirani, na nyinyi mliosimama nyuma karibu na mlango ambao wengi hapa hawawajui, karatasi hii ilikuwa aisome shemeji yangu Rimon, asubuhi akajaribu sauti ikamkatalia, kwa hiyo naisoma mimi Demiana, mke wa marehemu, na mkiona nakwenda mbio mnivumilie, nikipunguza mwendo sitafika mwisho.

Marehemu Abanoub Wadie Girgis alizaliwa Mallawi tarehe 9 Machi 1995, mtoto wa pili wa marehemu Wadie Girgis na Mama Samira aliyekaa hapa mbele, akaletwa hapa Shubra akiwa bado ananyonya, akasoma shule ya msingi hapa nyuma ya kanisa, kisha shule ya ufundi, idara ya mapambo na uchapaji, akahitimu mwaka 2013, akatumikia jeshi, na tangu 2015 hadi alipougua alikuwa mchapaji katika duka la Ustadh Wagdi, kalenda ya kanisa iliyoning'inia majumbani mwenu ni kazi ya mikono yake.

Mama mkwe aliniambia jana, "Mwanangu, soma shule, kazi, ndoa, ukae, hayo ya simu yaache," nami namheshimu, lakini mama, nikiyaacha nitakuwa nimesoma historia ya mtu mwingine, na kuna jambo naliogopa, nalo limo humo humo kwenye simu.

Mwaka 2017 alijiunga na kundi la mtandaoni liitwalo Baraza la Huzuni Ndogo Ndogo, watu wanaochukua picha, wanaiandikia maneno, wenzao wanacheka, basi, na humo hakuitwa Abanoub, aliitwa Biringanya Baridi. Hakupenda picha za watu wanaoanguka, hakupenda herufi nene zinazopiga kelele, alipenda vitu vilivyochoka, nyati wa Mallawi anayetazama treni, sufuria ya maharage iliyoungua, feni iliyoinamisha shingo, na maneno machache chini yake ambayo aliweza kuyatafuta siku nzima, ile ya feni aliandika, "Nimesema sawa, sijasema nimekubali," na shangazi zake hapa wametumiana hiyo mwaka mzima bila kujua imetoka kwa mtoto wao. Uso wa mtu hakuutumia bila ruhusa, nikimwuliza mbona anajinyima ananijibu, "Demi, kila uso una mama yake."

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Kundi lile lina desturi, utani ukichakaa unazikwa, kila Alhamisi jioni mtu mmoja anaandika historia ya picha iliyokufa, ilizaliwa lini, nani aliilea, iliugua nini, wenzake wanaandika rambirambi, na baada ya hapo anayeifufua anatolewa kundini. Mwandishi wa historia hizo alikuwa mume wangu, aliziandika kwa heshima kama hii ninayosoma, nikamwambia siku moja, "Wewe umemlilia nyati kuliko ulivyomlilia mjomba wangu," akasema, "Mjomba wako hakuwahi kunichekesha."

Tulifunga ndoa kanisani hapa Jumapili tarehe 4 Septemba 2022, tukajaliwa binti mmoja, Yostina, aliyezaliwa tarehe 17 Februari 2024, leo ametimiza miezi minane, ndiye huyo analia kwa dada yangu.

Mwezi wa saba mwaka huu alianza kuvilia damu mikononi bila kugongwa, tukaambiwa uboho wa mifupa umeacha kutengeneza damu, akalazwa, tukatakiwa kutafuta watu wa kumtolea, na damu yake ilikuwa ile ngumu kupatikana, O hasi. Tarehe 26 Septemba akaniambia nimpige picha kitandani, akaiweka kundini, mara ya kwanza kuonyesha uso wake, akaandika, "Mimi Biringanya Baridi, mzaliwa wa Mallawi, damu yangu imeacha kazi, naomba wenye O hasi wafike orofa ya nne." Aliandika kwa namna yake, hakujua namna nyingine, na hakukumbuka, wala mimi sikukumbuka, kwamba ilikuwa Alhamisi.

Wakaona ni mazishi. Mmoja akaandika, "Mungu amrehemu Biringanya, ameuawa na kukosa chumvi," mwingine, "Damu sina, nina juisi ya nyanya, nipande nayo?" Akacheka, kweli alicheka, halafu akaandika, "Jamani, ni kweli," wakamjibu, "Hata nyati alisema hivyo," ndipo akanipa simu akageukia ukutani.

Jumapili Nermin, kiongozi wao, aliyekuja leo kutoka Mansoura, akanipigia, "Dada, niambie ni utani," nikaisogeza simu kwenye mashine ya kitandani iliyohesabu mapigo ya moyo wake, asikie mwenyewe. Wakaja, wakatoa damu. Daktari anasema siku zile za kungoja hazikumuua, mchana namwamini, usiku siwezi. Abanoub alifariki Jumatano, jana, tarehe 16 Oktoba 2024, alfajiri.

Lakini ile picha haikurudi na wale waliokuja. Imetoka kundini, imezagaa, mume wangu na mpira puani, wameiandikia utani wa mitihani, wameiandikia wa umeme kukatika, nimewaomba watu nisiowajua waifute, mmoja akanitumia kicheko, na hata nyinyi wa kundi hapo nyuma mmeniambia, "Iache dada, watu wanampenda." Nimechoka. Yostina atajifunza kusoma, atatafuta jina la baba yake, na hiyo ndiyo itakayomfungulia mlango.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa orofa ya nne, Ustadh Wagdi aliyefunga duka, majirani waliotulisha na kumlea mtoto wiki zote hizi, Abuna, na kila aliyetoa damu, kwa wakati au baadaye.

Nina historia moja fupi iliyobaki. Picha ya marehemu kitandani ilizaliwa Alhamisi tarehe 26 Septemba, niliipiga mimi, haikusoma shule, haikuoa, iliomba damu ikapewa kicheko, ikatembea miji ambayo mwenyewe hakuifika, na leo Alhamisi imekufa, historia yake imesomwa mbele ya watu, mwandishi wenu amelala hapa mbele na hawezi kuisoma, nimemsomea. Desturi ni yenu. Atakayeifufua, kwenu au kwingine mnakoingia, mnajua la kumfanya.

Pumzika sasa, Abanoub, utulie, uso wako tumeurudisha kwa mama yako.