Kipande Alichokiruka Mzee Eliakimu

Baba Mchungaji, wazee wetu, majirani wa hapa Nzuguni nanyi mliosafiri kutoka Mpwapwa, Bwana Yesu asifiwe. Kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya baba yetu, na naomba mnivumilie, kwa kuwa yeye mwenyewe alikataza yasipunguzwe hata neno.

Mzee Eliakimu Ndahani alizaliwa tarehe 12 Machi 1948 katika kijiji kimoja nje ya Mpwapwa, akiitwa Ndahani tu, mtoto wa tatu wa mfugaji, akasoma hadi darasa la nne, akatolewa shule mwaka 1960 ili akachunge, na tangu hapo, kama alivyopenda kujitania, ng'ombe ndio waliokuwa walimu wake na hawakumfundisha adabu. Mwaka 1972 alimwoa mama yetu Yasinta, wakajaliwa watoto watano, wawili wametutangulia.

Januari 1974 mvua zilikata, mtama ukanyauka, watu wakatafuta wa kumlaumu, na katika mkutano wa kijiji Ndahani akasimama akamtaja Loisi, mjane Mkristo, kwamba ndiye aliyefunga mvua. Vijana wakaibomoa nyumba yake ya tembe siku hiyohiyo, naye akaondoka kwa miguu, mwanawe Ibrahimu akiwa mgongoni.

Mwaka 1977 baba alipata kazi Mpwapwa mjini, ya kuogesha ng'ombe kwenye josho, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2008, lakini kabla hajamaliza mwezi kazini homa ya matumbo ikamlaza chumbani peke yake, mama akiwa bado kijijini, na akina mama wa kanisa waliokuwa wakitembelea wagonjwa wakamtuma mwenzao wa zamu, naye alikuwa Loisi. Loisi alimtambua, akamfulia mashuka, akampikia uji, baba akaukataa siku mbili akihofia sumu, siku ya tatu Loisi akachota kijiko akaonja mbele yake, ndipo baba akanywa huku analia. Alibatizwa kwa jina la Eliakimu siku ya Pasaka, tarehe 26 Machi 1978.

Mliosali naye mnaujua ushuhuda huo, maana aliutoa mara nyingi hata wanakwaya wakawa wanamtania kwamba wanaweza kumsaidia kuumalizia, naye akiwajibu, "Nikisahau nilikotoka, nitamshukuru Mungu kwa lipi?" Loisi alimsamehe, wakawa ndugu hadi mama huyo alipofariki mwaka 2003.

Lakini mwezi Agosti mwaka huu, figo zikiwa zimeshindwa, alituita akatuambia kuna kipande alichokiruka kwa miaka arobaini na saba, hata mbele ya Loisi. Siku zote alisema alimtaja kwa ujinga wa kabla ya wokovu, akiamini kweli kwamba ni mchawi. Hakuamini. Ng'ombe wake walikuwa wameingia shamba la Loisi wakamaliza mtama mchache uliobaki, Loisi alikuwa anakuja kumshtaki kwenye mkutano ule, naye akawahi kusimama.

Baba alitaka hili lisomwe, akasema jina alilolichafua hadharani halisafishwi chumbani. Baba mdogo Optatus alituomba tulifiche, tumzike kaka yake na heshima yake, tukavutana siku mbili, hadi mama aliposema kwamba tangu waoane hajawahi kumwona mumewe akilala usingizi mtulivu kama baada ya kulisema hili.

Alifariki Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025, saa moja asubuhi, akiwa na miaka 77. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu kwa upole, majirani mliotupikia na kukaa nasi msibani, na wenzake wa josho, ambao hawakumwacha hata alipostaafu.

Kaka Ibrahimu, tumekuona umeketi pale na wanao. Mama yako hakufunga mvua, na baba yetu alilijua hilo siku ileile. Tunakuomba radhi mbele ya watu wote hawa.

Baba, uliyotutuma tumeyasema. Sasa pumzika.