Bi. Saumu Chitanda na Kifurushi Kisicho na Kitu Ndani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi wa Kituo, wakuu wa shule mliotoka Kitaya, Nanyamba na kwingineko, Mzee Alawi na familia ya mstaafu wetu, wafanyakazi wenzangu: Assalamu alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Saumu Chitanda anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Masomo ya Masafa, hapa Shangani, kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi, Jafari Nandonde, nimeketi meza ya pili kutoka yake kwa miaka kumi. Leo nina furaha ya pekee, na sababu yake mtaisikia.

Aliajiriwa mwaka 1994 kuwa mpigachapa. Kompyuta ya kwanza ilipofika, wenzake waliifunika kitambaa isiingie vumbi. Yeye aliifungua kwa bisibisi. Mkurugenzi wa wakati huo alimpa barua ya onyo, na mwezi uliofuata akamkabidhi funguo za chumba cha kompyuta.

Mwaka 2008 alikuwa mmoja wa watu watano walioanzisha Mkoko, mfumo wa Linux unaoendesha kompyuta za shule zetu arobaini na mbili. Mkoko hauna mwenyewe: yeyote anaruhusiwa kuunakili na kuugawa. Lakini video za majaribio ya kemia, tegemeo la shule zisizo na maabara, hazikufunguka kwenye kivinjari cha intaneti bila programu jalizi, yaani ya nyongeza, ya kampuni moja ya ng'ambo. Kuitumia ilikuwa bure, kuisambaza, marufuku. Mwanafunzi akabaki akitazama mraba mweusi.

Bi. Saumu akatengeneza kifurushi cha kusakinishia ambacho ndani yake programu hiyo haimo. Kina maelekezo tu: kompyuta iende yenyewe kwa kampuni, ichukue faili, ilinganishe alama zake, yaani tarakimu zinazolitambulisha, na zile alizoziandika Bi. Saumu, na zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, ikatae kulisakinisha.

Alipokipeleka shule ya Kitaya mwaka 2009, Mwalimu Yohana wa huko alikikagua akacheka sana: “Mama Hafsa, umesafiri kutwa nzima kutuletea gunia tupu?”

“Gunia ni langu, Mwalimu,” alijibu, “korosho zina mwenyewe. Nimekuletea njia ya shambani kwake.”

Jioni hiyo wanafunzi wa Kitaya waliona kwa mara ya kwanza ukanda wa magnesi ukiwaka. Walishangilia mpaka wavuvi wakapanda kutoka mtoni kuuliza nani kafunga goli.

Mwaka 2019, siku mbili kabla ya mitihani ya vitendo, alama za faili ziligoma kulingana shule zote. Simu zikamiminika. Mmoja wetu akashauri ule mstari wa maelekezo ya ulinganishaji ufutwe, mambo yaende. Naomba radhi mbele ya Bodi: mtu huyo ni mimi, na nilikwisha kuufuta.

“Jafari baba,” aliniambia, akiurudisha mstari mahali pake, “hilo faili unalijua limetoka wapi?” Sikujua. Akaiandikia kampuni. Kesho yake asubuhi wakajibu wakiomba radhi: faili lilikatika nusu lilipowekwa kwenye seva yao. Tungelisakinisha, vivinjari vya shule zote arobaini na mbili visingefunguka. Lililo kamili lilipofika, alama zikakubali, na mtihani ukafanyika.

Tangu mwaka 2010, kila Januari, aliiandikia kampuni hiyo barua kuomba programu iruhusiwe kuwekwa ndani ya kifurushi, ili shule nyingine, zisizo na intaneti, ziipate kwa flashi. Alikataliwa kwa adabu mara kumi na tano, na kila jibu alilihifadhi kwenye jalada la kijani. Ndugu zangu, jibu la kumi na sita limefika wiki mbili zilizopita. Wamekubali!

Bi. Saumu, asante kwa ukaidi wako, na kwa kutufundisha kutogawa cha mtu bila ridhaa yake. Wewe na mumeo, Mzee Alawi, mpate afya, usingizi wa kutosha, na simu isiyolia.

Limebaki jambo moja. Kampuni imeweka sharti: kifurushi kiwe na mtunzaji aliye kazini, na jina lake liwafikie kabla ya leo kwisha. Likikosekana, ruhusa inafutika. Asubuhi hii Bodi imeamua watunzaji wawe wawili, mmoja wa Kituo na mmoja wa shuleni. Kwa Kituo, Bi. Saumu amemchagua yule aliyefuta mstari, akisema huyo hatarudia. Nimekwisha kutia saini.

Walimu, fomu iko pale mezani, kando ya sufuria ya pilau, ambayo haifunuliwi mpaka nafasi ya pili ijazwe. Kalamu ni ya Bi. Saumu, na saa tisa na nusu anaondoka nayo.