Vizibo vya Bi. Klementina

Na Mayunga Maganga, mpima mizani

Baada ya miaka thelathini ya utumishi katika chama chetu cha ushirika wa pamba hapa Bariadi, Bi. Klementina Ngeleja anastaafu tarehe 30 Juni, 1999.

Alianzia ghalani Malampaka, akipokea marobota yanayosubiri treni, kisha akaletwa ofisini kupanga timu za ununuzi. Mezani kwake kila kizibo cha soda kilikuwa mtu, na kila duara la chaki lilikuwa kituo. Masharti aliyajua kwa kichwa: ndugu wawili wasishike mizani na fedha kituo kimoja, Msabato asipelekwe penye gulio la Jumamosi, mtu na mkwewe wasipangwe pamoja, maana kwetu hawali pamoja wala kutazamana usoni. Tulizunguka meza tukimrushia majibu ya haraka huku chai yake ikipoa. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatuambia tuangalie tena. Mnunuzi wa pamba alikuwa ni sisi tu, hatukuwa na haraka. Asubuhi zile nazitamani mpaka leo.

Soko huria likaingia, na wanunuzi binafsi wakatua Migato, ng'ambo ya barabara kutoka kituo chetu. Pale kituoni Bi. Klementina alikuwa amenipanga mimi na karani Domitila. Mpango ulikuwa safi, ila katikati ya msimu nikaomba ruhusa, nikamuoa binti wa Domitila. Bi. Klementina alicheza sana kwenye harusi ile bila kukumbuka vizibo vyake. Nikarudi kazini nikiwa mkwe. Badala ya kutangaza kilo, nikawa nanong'ona nimegeukia ukuta, na mama mkwe anaandika amejifunika khanga. Wakulima wakauliza kilo gani hizi zinasemwa kwa siri, wakahamia ng'ambo. Uongozi ukatuonya kwamba kituo kitafungwa na sote tutapunguzwa.

Bi. Klementina akarudi kwenye chaki. Mpima mwenzangu Masunga asingeweza kushika mizani yangu, kaka yake ndiye mshika fedha wa Migato. Karani Gloria asingeweza kushika nafasi ya Domitila, yeye ni Msabato na gulio la Migato ni Jumamosi. Wengine tukashauri Domitila aachishwe tu, yaishe. Alitukemea vikali: kazi yake ni kupanga watu, si kuwatupa. Kisha akafungua Fanta, akaweka kizibo chake Migato. Miaka yote ile hakuwahi kujihesabu mwenyewe. Domitila akakalia kiti chake ofisini, naye akaenda kukaa vumbini, akirudia kila kilo niliyotaja kwa sauti iliyofika ng'ambo. Wakulima wakarudi, na kituo kipo hadi leo.

Kuanzia Julai mpangaji rasmi wa timu ni Domitila, na wewe Mama unarudi kwenu Maswa. Asante kwa kutupatia sote nafasi. Tunakuombea afya njema, wajukuu wengi, na chai unayoinywa ikiwa bado moto.

Kizibo chako cha Fanta tumekiacha mezani, kati yangu na mama mkwe. Nikija ofisini na neno nakiambia hicho, naye ananijibu kupitia hicho hicho. Kinatusaidia sana, ila hakijui kutuambia tuangalie tena.