Usingizi wa Springi, Fundi Makochi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi makochi mmoja. Watu walimwita Springi, kwa sababu alitengeneza viti vya watu kukalia na yeye mwenyewe hakukaa, kama springi inayoruka. Alikula amesimama. Alipokea wageni amesimama. Mkewe alizoea kumtania, "Baba watoto, siku ukikaa nitaita majirani washuhudie."

Amefariki. Hakugongwa na gari. Hakuanguka. Amefariki mchana kweupe, kitandani kwake, mkewe chumba cha pili, mafundi wenzake nje ya dirisha. Kilichomuua ni dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari, pamoja na mpira wa maji moto, ule mfuko wa kukandia. Narudia, maana najua mmeshtuka. Dawa ya daktari, na mpira wa maji moto.

Springi alifanya kazi na misumari mdomoni; ukimsalimia, anaitikia kwa nyusi. Mkewe alishona vitambaa vya makochi kwa cherehani. Hivyo ndivyo walivyosomesha watoto. Kisha mgongo ukagoma. "Mgongo wangu umeacha kazi bila kuaga," alisema, na yeye ndiye aliyecheka wa kwanza.

Vidonge vilishindwa. Hospitali wakamwandikia plasta. Si ya kidonda, wasikilizaji. Ni kiraka cha kubandika kwenye ngozi, ndani kina fentanili, dawa iliyotengenezwa maabara, kali makumi ya mara kuliko mofini. Inapenya mwilini taratibu. Mkewe aliipokea kwenye dirisha la dawa, na anakumbuka alivyoambiwa, neno kwa neno: "Mbandike mgongoni, badilisha kila baada ya siku tatu. Anayefuata."

Elimu ikaishia hapo. Anayefuata.

Mimi nasahau majina, mambo sisahau. Nakumbuka dawa za ukoo huu zilivyoingia kwetu. Waliozileta, mawakala wa kampuni za dawa, walivaa mashati yaliyonyooka, wakagawa kalenda za bure, wakasema maumivu sasa basi. Kalenda zikajaa kuta za zahanati. Sikumsikia hata mmoja wao akitaja joto.

Joto, wapendwa. Joto likiigusa plasta hiyo, dawa inakimbilia mwilini kwa kasi, na ikizidi inazima pumzi. Mke wa Springi angejuaje? Mumewe analalamika mgongo, na mgongo unakandwa. Alichemsha maji, akajaza mpira, akauzungushia taulo, akauweka palepale penye maumivu. Palepale penye plasta.

"Pandisha kidogo, mama watoto," Springi alimwambia. "Hapo. Hapo hasa."

Akalala. Akaanza kukoroma, mkoromo mzito, kama unatoka chini ya sakafu. Mtu ambaye hakuwahi kukoroma tangu waoane.

Nje mafundi wakacheka. "Leo Springi kawasha trekta," mmoja akasema.

"Mwacheni, shemeji zangu," mkewe akawajibu dirishani. "Wiki nzima hajafumba jicho."

Wakaweka nyundo chini. Mkewe akasimamisha cherehani, akarudishia dirisha. Ua mzima ukanyamaza ili fundi apumzike. Trekta lilipozima, wakafurahi: sasa kalala vizuri.

Haukuwa usingizi. Narudia, haukuwa usingizi. Pumzi ilikuwa inamwishia, na wote waliompenda walikuwa wanamnyamazia.

Mkewe aliingia na chai. "Nilimshika mguu," anasema. "Nikamwambia, baba watoto, amka unywe. Mguu ulikuwa wa baridi, na mpira mgongoni bado una moto."

Msibani, wifi yake, dada wa marehemu, alisema mbele za watu, "Si wewe uliyemkanda?" Baada ya mazishi mjane alikwenda hospitali, mpira kwapani, kuuliza swali moja: je, mimi ndiye niliyemuua mume wangu? Wifi akamfuata nyuma, asikie mwenyewe.

Daktari aliugeuza ule mpira mkononi. Akauliza, "Hawakukuambia usimwekee kitu cha moto?"

"Hawakuniambia," mjane akasema. "Kwani hao ni kina nani, daktari? Si ni ninyi?"

Njiani kurudi, wifi alinyoosha mkono. "Lete mpira nikubebee."

Mama, najua unasikiliza. Hukumuua mumeo. Ulimkanda. Aliyekuwa na neno la kukuambia akalimeza na kuita anayefuata, huyo ana lake la kujibu. Sisi hapa tunakupa pole, wewe, watoto, wifi yako, na mafundi walioweka nyundo chini kwa upendo.

Na wewe msikilizaji, ukikabidhiwa dawa, ng'ang'ania dirishani mpaka uambiwe inaua vipi. Foleni ikuzomee, iache izomee. Lakini kama sasa hivi kuna mtu wako amebandikwa plasta hiyo, na unamsikia chumba cha pili anakoroma hivyo, usingoje nimalize. Toa kitu chochote cha moto. Mtikise. Asipoamka, piga kelele, ita gari la wagonjwa. Niache nikizungumza peke yangu. Nenda.